Rangi ya Viatu Kwenye Bampa ya Baba Mkwe

Shangazi Teresiah mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka, na nakuomba unijibu Jumamosi hii hii, kwa sababu Alhamisi inayofuata, baada ya sala ya alasiri, nitaketi mkekani nyumbani kwa watu nijisomee laana kwa kinywa changu na kuitikia amina.

Mimi ni mkazi wa Majengo, karani wa ghala huko Industrial Area, na nimemposa Muhiba, binti wa Mzee Zahoro mwenye duka la vitambaa, na posa imekubaliwa. Mwezi uliopita Mzee alikwenda Mombasa kwa gari la moshi kuhudhuria arobaini ya dada yake, akaniachia ufunguo wa gari lake jipya la Kijapani, haya ya siku hizi yenye bampa za plastiki nyeusi badala ya chuma kinachong'aa, akaniambia, "Mwanangu, kila asubuhi liwashe dakika kumi betri isilale, kisha zima. Usilisogeze hata shubiri." Siku mbili nilitii, Shangazi, ila siku ya tatu Muhiba alikuwa uani anaanika nguo, na jua lilikuwa linalichoma lile gari, nikajiambia nitalisogeza kivulini kidogo tu, aone kwamba anaolewa na mtu wa usukani, na usukani wenyewe naujua kwa kutazama wengine, basi gari likaruka kama limekanyaga kaa la moto, likaligonga bomba la maji, kona ya bampa ikabonyea ndani, ikachubuka na kuacha kovu jeupe refu kama mkono wangu.

Muhiba aliweka beseni chini. "Saad," akasema, "hilo si punda. Baba akishuka tu kwenye gari la moshi, mwambie."

Ningemsikiliza, leo nisingekuandikia. Nilimwita Mbuthia, fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Kamukunji, akaja na mtungi wa gesi juu ya mkokoteni, mtu aliyepiga chuma miaka ishirini, akaniambia, "Wewe tulia, kitu kikibonyea unakipa moto, kinalainika, kinarudi." Akawasha. Ililainika kweli, halafu upande wa chini ikaanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta, ikatoa moshi mweusi wa kutukohoza. Mbuthia akazima, akajikuna kichwa.

"Hii si chuma," akasema.

"Sasa ni nini?"

"Ni beseni." Akasukuma mkokoteni wake, akaenda.

Hapo ndipo shetani aliponionyesha viatu. Nilikwenda kwa Opiyo, mng'arisha viatu aketiye barazani mwa duka la Mzee, mbele ya ua huo huo, nikanunua mkebe mzima wa rangi nyeusi, nikalipaka lile kovu na kulisugua kwa soksi mpaka likang'aa kuliko gari lenyewe, na ule uvimbe kwa kuwa uko chini nikamwachia Mungu na macho ya Mzee, ambayo si ya kijana tena.

Mzee akarudi, hakuona kitu, nikalala usingizi wiki nzima. Kisha ikaja Ijumaa. Baada ya sala wazee wenzake walikuja kulitazama gari, naye akaegemea kona ile ile, kanzu nyeupe ya Ijumaa, jua la saa saba, akawasimulia ya Mombasa nusu saa nzima, na alipogeuka, nyuma ya kanzu palikuwa na doa jeusi kubwa mithili ya sahani. Watoto walicheka. Wazee hawakucheka. Mzee akainama, akapitisha kidole kwenye bampa, kidole kikatoka cheusi, na chini ya rangi kovu likamkodolea macho.

"Nani mtaa huu hushinda na rangi ya viatu mkononi?" akauliza, na macho yote yakamwendea Opiyo.

"Mzee, mimi hung'arisha viatu," Opiyo akasema. "Magari sing'arishi."

Hakusikilizwa. Ameondolewa pale barazani alipoketi miaka kumi na moja, na nilimwona akivusha sanduku lake ng'ambo ya barabara, kwenye jua tupu, akasimama mbele yangu akaniambia pole pole, "Ndugu yangu Saad, ulinunua mkebe mzima. Nawe mwaka huu wote nakuona na kandambili." Akaenda zake.

Kwa kuwa hakuna aliyekiri, Mzee ameamua isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kumshtaki kwa Mungu mtenda uovu asiyejulikana, na wazee wanasema humpata aliyetenda pamoja na aliyejua akanyamaza. Aliyejua akanyamaza ni Muhiba. Na kwa kuwa watu husema nina sauti nzuri, nimechaguliwa niwe miongoni mwa wasomaji.

Wanasema tumbo huvimba. Tangu nisikie hayo nikila chochote najishika tumbo, juzi nilikula maharage nikadhani naaga dunia, na nikifumba macho naiona ile bampa inavyofura. Shangazi yake Muhiba, Bi Mishi, ameniambia mtoto hali chakula, anahesabu siku tu, na hataki hata kusikia jina langu. Sasa nifanyeje? Nikimbilie kwa kaka yangu Eldoret mpaka kisomo kipite? Nijifanye nimekaukwa na sauti? Au kuna njia ya kuirudisha plastiki kama ilivyokuwa, niitengeneze kabla ya Alhamisi, niseme gari ni zima, kisomo cha nini? Tafadhali ficha jina langu, maana Mzee hununua gazeti hili, na kila Jumamosi baada ya chai husoma ukurasa wako kwa sauti nyumba nzima isikie.

Ni mimi,
Mwenye Hofu, Majengo


JIBU

Mwenye Hofu,

Nimekuhurumia dakika moja, na dakika yenyewe imekwisha.

Mimi ni Mkristo, sitajitia ujuzi wa kisomo chenu. Nilimwendea jirani yangu Abdurahim, mtu mzima na mcha Mungu, nikamuuliza. Akanijibu, "Dada, kisomo hicho husomwa ukweli ukikosekana. Ukweli ukija, mkeka unakunjwa." Hilo hata mimi nimelielewa.

Unalia juu ya tumbo lako. Lako linajaa maharage. La Opiyo linasinyaa juani ng'ambo ya barabara, kwa kosa lako, na bado mtu huyo amekutunzia siri akikusubiri uwe mwanamume. Muhiba naye ulimtaka awe mke, ukamfanya mshirika wa uongo kabla hata ya mahari. Ukikimbilia Eldoret, yeye umemwachia nani? Na sauti yako haijakauka, ndugu. Imekaa mwezi mzima bila kazi.

Kuhusu bampa, nitakueleza, kwa kuwa kaka yangu Wanyoike analo gari la namna hiyo na niliona kwa macho yangu. Rangi ya viatu itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni na maji. Palipobonyea pamwagie maji yaliyochemka ya birika, uingize mkono kwa ndani, umeuvika kitambaa kizito, usukume taratibu, na pakirudi pamwagie maji baridi papo hapo. Kovu lipitishie msasa laini huku ukilimwagia maji. Ule uvimbe usimwonyeshe Mbuthia tena, ingawa yeye ndiye pekee aliyesema kweli katika barua yako yote: ni beseni. Basi nenda Gikomba, umtafute yule anayeziba mabeseni na madumu yaliyopasuka kwa chuma cha moto. Huyo anaijua plastiki. Alama kidogo itabaki. Iache ibaki.

Lakini hiyo bampa usiiguse kabla hujasema. Ukiitengeneza kwa siri, umepaka rangi ya viatu mara ya pili.

Na usiseme chumbani, kwa kunong'ona. Opiyo aliaibishwa mbele ya wazee, basi asafishwe mbele ya wazee hao hao. Mwombe Mzee awaite, useme, "Ni mimi, si Opiyo, na Muhiba aliniambia niseme nikakataa." Kisha sanduku la viatu ulibebe wewe mwenyewe, ulivushe barabara, uliweke barazani pale pale. Mzee akikunyima binti, utakuwa umemkosa kwa ukweli. Ukinyamaza utamkosa vile vile, maana yeye anakujua tayari.

Jina lako nimelificha, na majina ya wote nimeyabadilisha. Ila gari, kanzu yenye doa, arobaini ya Mombasa na mng'arisha viatu aliyefukuzwa barazani, hivyo sikuweza kuvibadilisha, barua isingeeleweka. Ningeweza kuitupa kapuni. Nimeona nikusaidie.

Leo ni Jumamosi, na kwa hesabu yangu chai ya Mzee imefika nusu kikombe. Weka gazeti chini, vaa kandambili zako, kimbia.

Nawe Mzee, ikiwa umeufikia mstari huu na hodi haijasikika, mimina kikombe cha pili, umngoje.