Aliyepanga Mataruma

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Goti la bibi yako limepata nafuu, na mpunga wa Kilangali tumeshavuna.

Umeniuliza: ikiwa umeme ukikatika lifti ya gereji yenu inagoma, sisi zamani tuliinuaje lori? Tulilipandisha kwa jeki ya mkono, kisha tukapanga chini yake mataruma, zile mbao nene za reli tulizotembea nazo. Na aliyepanga ndiye aliyetangulia kuingia uvunguni.

Siku moja lori la mahindi lilituharibikia pale Dumila, mwenye mzigo anafoka. Rafiki yangu Shabani akapanga mataruma harakaharaka, akasema, "Tayari!"

Nikamwambia, "Haya, ingia."

Akachuchumaa, akayatazama. Kisha akasema, "Hebu nipe tena jeki." Akapanga upya, polepole. Hakuna aliyemcheka, hata mwenye mzigo.

Unasema huko kwenu bosi anapanga mbao chini ya gari, wewe ndiwe unayeingia. Umeme ukikatika tena, mwambie kwa adabu, "Bosi, leo tangulia wewe."

Akiomba jeki, usimcheke.

Babu yako, Kilosa