Viatu Vyako vya Mbio, Mama

Mama, popote ulipo,

Wiki nzima darasa ninalofundisha limekuwa likikutengeneza. Saa ya kazi za mikono watoto wanapinda nyaya za shaba na kukata makartoni wafanye sanamu zako, maana direkta wa shule amesema kila mtoto wa Ruashi amjue mwanamke wa kwanza wa mtaa wetu aliyekimbia kwa jina la mji. Uko dirishani, uko mezani kwangu, mwembamba, mwekundu, na medali za vifuniko vya chupa shingoni. Mmoja amekupa makalio makubwa kweli! Ungecheka.

Nilibeba viatu vyako, vile vyenye misumari chini, wavione. Ndaya, msichana wa dawati la mbele, amekusimamisha juu ya karatasi ya bluu. Nikamuuliza ni nini hii.

"Ni mayi, Madame. Mama yenu iko anakimbia juu ya mayi, anarudia."

Maji, nawe unarudi juu yake. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya vyoo. Ni miezi mitatu tangu uende Kasenga kununua samaki, na mtumbwi wenu ukazama mtoni Luapula. Wenzako wote walipatikana. Wewe hapana.

Unakumbuka ulivyokuwa unanipeleka shule mbio, kitenge umekikaza kiunoni? "Pumua na pua, mutoto! Kinywa funga!" Wamama wa soko walikupigia kelele: "We, utavunja mutoto wa batu!" Nawe unajibu bila kusimama: "Atabashinda bote!" Nilikuchukia asubuhi zile, mama. Leo naona haya.

Jana mjomba alikuja na wazee. Unajua desturi yetu: mtu akipotea majini, tunazika kitu kilichogusa mwili wake, ndipo kilio kinaisha. Wamechagua viatu.

"Mwana, tumechoka," mjomba akasema. "Tuzike bile viatu, tupumuzike."

Nikapaza sauti mbele ya wazee, mimi uliyenifundisha heshima. "Akirudi atavaa nini?" Mjomba akaanza kulia, mwanaume mzima, akijifuta na kofia yake. Basi nikakubali. Nisamehe, nilikubali.

Lakini moyo umekataa kabisa. Kila lori la samaki likipita naangalia wanawake waliokaa juu ya magunia, mmoja mmoja. Nimepiga simu kwa kila mtu ninayemjua Kasenga mpaka wengine hawapokei tena. Sijui nifanye nini, mama. Nimeishiwa.

Seremala amemaliza kisanduku cha viatu. Maziko ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Kama uko ng'ambo, Zambia, kama unaugua kwa watu wasiokujua, kama umesahau hata jina lako, toka sasa hivi, usingoje gari. Fika kabla ya saa nne. Baada ya hapo nitakuwa nimekuzika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni mimi, mtoto wako, ambaye hajakuaga