Nguo Zako za Zamani na Mkono Wangu wa Kushoto

Nyumbani kwetu,
chumba cha nyuma, upande wa kamba ya nguo.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee hiyo kwanza, mengine yanafuata. Hujambo huko kwenye baridi? Magoti yanasemaje? Mama anasema tangu ujana wenu magoti yako yalikuwa yakitabiri mvua kuliko redio, basi sijui huko mvua isikokatika yanapumzika saa ngapi. Na dawa, unameza au unazipanga dirishani kama mapambo? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Mdogo wangu Waya ni mzima, bado anafungua simu za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu pungufu. Na mimi ni mzima, kwa namna ambayo nitakueleza.

Usiushangae mwandiko. Hakuandika mtoto wa jirani. Ni mimi Kijiko wako, kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani, lakini zinafika. Ningeweza kukupigia simu, ila tunajuana: kwenye simu unasikia nusu, na nusu ya pili unaitunga mwenyewe. Shukrani hii sitaki uitunge. Nataka uishike.

Nilipoanguka ngazini mwaka jana uliambiwa nimevunjika bega, kisha ukaambiwa bega limeunga. Yote ni kweli. Ambalo hukuambiwa, kwa kuwa niliwaomba wasikutie hofu ukiwa mbali, ni kwamba mishipa ya fahamu nayo iliumia, na mkono wa kulia haukuamka. Upo, una joto lake, unauma ukijisikia kuuma, ila nikiuita hauji.

Watu hudhani shida ya mkono mmoja ni kubeba ndoo. Shangazi, shida ni kifungo. Kifungo kidogo cha blauzi, ambacho zamani nilikifunga huku nanywa chai na kumjibu Waya, kiligeuka mlima. Zipu ya mgongoni ndiyo usiseme. Sidiria nilisalimu amri. Kila asubuhi Mama alinikalisha ukingoni mwa kitanda, akaingiza kwanza mkono mgonjwa, halafu kichwa, halafu mkono mzima, vilevile kama nilipokuwa naenda chekechea. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nauma meno. Mwisho nikaishia kwenye yale magauni mapana ya ndani, ambayo mtu akiyavaa haendi popote, na kweli sikwenda popote.

Ikawa hivyo mpaka mkuu wangu wa kazi alipokuja kunitazama, yule daktari wa meno. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema kiti changu pale mapokezi bado ni changu, lakini hawezi kukiweka wazi milele. Simu zinapokewa kwa mdomo, akasema, na majina ya wagonjwa yanaandikwa kwa mkono wowote. Nikamjibu kwamba sina nguo. Akacheka, akidhani natania.

Daktari alipotoka, Mama alivuta stuli. Alipanda juu yake, akalishusha sanduku lako kutoka juu ya kabati.

Unajua jinsi alivyolitunza. Kila mwaka analifungua, anazianika nguo kivulini, anabadilisha vidonge vya kuzuia nondo, anazikunja upya na kulipandisha tena. Nguo zako zote za enzi zile ulipokuwa ukipokea simu ofisini: sketi za marinda, blauzi za kola pana, lile gauni la bluu lenye madoa meupe, mikanda, skafu, mikoba midogo inayolia "tap" ikifungwa. Nadhani Mama alitaka tu nipate kitu cha kutazama. Mimi nikachokora chini kabisa nikakuta kikopo cha hereni.

Hereni zako si za kutoboa, Shangazi. Ni zile za kubana. Hereni za siku hizi zinataka mkono mmoja ushike mbele na mwingine ufunge nyuma, na mimi nilikuwa nimeshaziaga. Nikachukua ile ya duara jeupe kwa mkono wa kushoto, nikaibana sikioni. Ikakaa. Nikachukua ya pili, nikavuka nayo mbele ya uso hadi sikio la kulia. Nayo ikakaa. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichokivaa mwenyewe tangu nianguke. Nilibaki mbele ya kioo na gauni langu pana la ndani na hereni za mtu wa ofisini, nikajiona kichekesho, nikacheka kweli. Mama naye akacheka. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila kicheko cha aina hiyo humu ndani.

Hapo ndipo niliposema tumpelekee Pindo.

Pindo ni fundi wetu wa nguo, chumba chake kimepakana na mchonga funguo. Jina hilo wamempa wateja, maana huwezi kupita mlangoni kwake bila yeye kukutazama miguuni na kukuambia pindo lako limeshuka. Anaongea kuliko cherehani yake. Lakini alipofungua nguo zako alinyamaza. Akazigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. Akasema zamani mafundi hawakuwa wachoyo wa kitambaa, kila mshono una akiba ya vidole viwili ndani, na bitana imeshonwa kwa mkono. Nguo kama hizi, akasema, zinaruhusu mtu abadili mawazo.

Akanisimamisha, akauinua mkono wangu taratibu, akauangalia unavyoanguka. Halafu akamgeukia Mama, blauzi yako ya rangi ya maziwa begani mwake, akasema kwa sauti ya kazi tu: mkono wa kulia tunaupasua wote, kuanzia begani.

Alikuwa anasema mkono wa blauzi. Mama alijua hivyo. Lakini alisimama, akaikunja blauzi, akazikunja na nyingine zote, akazirudisha kwenye mfuko, tukatoka. Pindo alibaki na futi yake shingoni.

Mama alitangulia njia nzima mpaka nyumbani. Tulipofika, Mama aliuweka mfuko juu ya meza, akakaa. Nilitarajia aseme nguo za wifi yake hazikatwi. Hakusema hilo. Alisema:

"Nguo nzima inasubiri mkono mzima. Tukishaikata, tumekubali kwamba haurudi."

Shangazi, miezi yote ile nilidhani ni mimi tu niliyekuwa nimekwama. Kumbe kila asubuhi alipokuwa ananivisha, yeye alikuwa ananivisha kwa muda tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo, akingoja mwenyewe arudi.

Nikamwambia, "Mama, mimi nilishakubali. Nilikuwa nakungoja wewe."

Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi. Kisha akafuta uso kwa upindo wa kanga yake, akakupigia simu.

Ulichomjibu unakikumbuka, ila hukujua kilikuwa kinamwangukia nani. Wewe ulidhani anaomba ruhusa tu. Aliweka sauti ya simu juu, sote tulikusikia: "Wifi, hizo nguo zimekaa juu ya kabati lako muda mrefu kuliko zilivyokaa mwilini mwangu. Kata. Nguo haisikii uchungu wa mkasi." Ukaongeza kwamba kama atabakiza kitambaa atengeneze mto, maana kichwa chake kigumu kinahitaji mto laini. Mama alikuita majina ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono wowote. Lakini usiku ule alilala vizuri, na asubuhi alikwenda kwa Pindo peke yake, na wembe wake mwenyewe.

Pindo hakumruhusu mtu mwingine ila Mama kugusa mishono yako ya kwanza. Alimpa Mama kiti karibu na dirisha, naye akafumua. Mshono kwa mshono, akivuta nyuzi na kuzikusanya mapajani. Mkono wa kulia wa ile blauzi aliufumua yeye, kuanzia begani.

Sasa nikuonyeshe walichokifanya, maana najua unataka kuona.

Blauzi zina mkono wa kulia unaofunguka wote kama maganda ya ndizi. Naulaza mkono wangu, nafunika, basi. Vifungo vyako vya lulu bado viko mbele, ila ni pambo tu. Nyuma yake kuna sumaku ndogondogo alizozitoa Waya kwenye spika zilizokufa. Nikizisogeza karibu tu zinashikana zenyewe, tk, tk, tk, hadi shingoni. Sketi za marinda zimetolewa zipu, zimetiwa lastiki kiunoni, na mkanda mpana unaficha siri. Lile gauni la madoa Pindo alilipasua mbele juu hadi chini, akalipiga ukingo mweupe, sasa ni koti jepesi ninalolivaa juu ya fulana na suruali. Mtu akiniona nalo hadhani ni gauni la zamani, wala hadhani ni koti jipya. Anadhani ni langu.

Skafu ya hariri yenye majani ya kahawia ndiyo inayoubeba mkono wangu. Ile kamba ya hospitali, nyeupe ya mgonjwa, nimeiweka droo ya chini. Fundo la skafu lilishafungwa na kushonwa, nami naiingiza kichwani tu, na bruchi yako, ile pini ya pambo yenye umbo la ndege, imekaa juu ya fundo. Watu sasa wanatazama ndege kwanza.

Na mkoba wako mweusi, ule wa kushika mkononi. Ulihitaji mkanda mrefu wa kupitisha begani. Mama aliingia chumbani, akatoka na mkanda wa suruali wa marehemu Baba. Pindo aliupima, akaukata, akaushona. Kwa hiyo kila siku natembea na mkoba wako na mkanda wa kaka yako, na nyinyi wawili mnaniegemea ubavuni bila kugombana, jambo ambalo Mama anasema ni geni.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Sumaku za kwanza zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Siku ya kujaribu, kijiko cha chai kiliruka kikanigandia kifuani, Waya akasema hatimaye jina langu la utani limepata maana. Na hata zile dhaifu zina tabia zake: kazini niliwahi kumpokea mgonjwa kwa heshima zote huku vibanio viwili vya karatasi vimening'inia hapa mbele kama nishani.

Ndiyo, Shangazi. Kazini. Nimerudi.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilimwomba Mama asiingie. Alisimama nje ya mlango, nasikia pumzi zake. Akauliza, nije? Nikajibu, bado. Nilichelewa, nilitoka jasho, mkanda ulinitoroka mara nyingi. Baadaye akauliza tena, nikajibu tena bado. Kisha nikafungua mlango. Blauzi ya maziwa, sketi ya marinda ya kijivu, skafu, ndege, hereni za duara.

Alinitazama juu hadi chini. Kola yangu ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, hata mimi nilijua. Aliunyoosha mkono wake ainyooshe, kama alivyofanya maisha yake yote. Halafu akaurudisha.

"Haya," akasema, "utachelewa."

Nilifika na kola imepinda. Daktari alinisalimia kana kwamba nilitoka jana. Adhuhuri alitoka chumbani kwake mama mmoja aliyetoka kung'olewa jino, shavu limevimba, mdomo umekufa ganzi. Akasimama mbele ya meza yangu, akanionyesha blauzi, kisha akafanya vidole kama anashona, kisha akafungua kiganja: nani? Nami, badala ya kumjibu kwa mdomo ambao ulikuwa mzima kabisa, nikajikuta namwelekeza kwa ishara: nje, kushoto, funguo, mlango wa pili. Akaniinulia kidole gumba. Wiki iliyofuata Pindo alituambia amepata mteja mwenye sanduku la mama yake mkwe.

Mkono bado naupeleka mazoezi. Mtaalamu haahidi kitu, nami simlazimishi. Ukiamka siku moja, utakuta nguo zipo na unafunguliwa mlango mzima. Usipoamka, tunakwenda hivihivi.

Ahsante, Shangazi. Ahsante kwa kuvaa vizuri ulipokuwa kijana. Ahsante kwa kutozigawa. Ahsante zaidi kwa lile neno moja, "kata", ulilolisema bila kujua uzito wake. Mama peke yake asingelisema, na mimi nisingeweza kumlazimisha.

Waya anakusalimu, anauliza kama simu aliyokutengenezea bado inawaka. Pindo anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema anakijua kiuno chako cha wakati ule. Mama anakusalimu mara tatu. Amenituma nikuambie kwamba koti lako la kijani halikuguswa na mkasi. Limefuliwa, limening'inizwa mlangoni, na anasema hilo ni la mwenyewe, uje ulivae. Na kama kiuno kitakataa, usimwonee haya wifi yako: mshono una akiba ya vidole viwili, na wembe anao.

Mungu akutunze huko uliko, akupe magoti ya kukuleta nyumbani. Ukifika nitakupokea mlangoni, nimevaa mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, kwa mkono mmoja na moyo mzima,

Kijiko wako.