Herufi ya pili ya jina la Frora

Jumamosi, mchana. Mawingu yametoka ziwani tangu asubuhi, na mvua haijaamua kama inyeshe au ituache tuanike nguo.

Shajara yangu, na ninyi mnaonisoma, hamjambo? Sisi hapa Nyasura hatujambo. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, hajambo, goti la kushoto tu linamsumbua akiinuka, ila akishainuka anatembea kama kijana. Mwanangu Masatu hajambo, amekwenda Butiama kumwangalia ng'ombe wanayetaka kumuuza huko, kesho atarudi. Mkewe Tabitha hajambo, yuko likizo, ndiye aliyeniwashia hii kompyuta na ndiye anayepitiaga l na r zangu kabla hamjaziona. Ng'ombe wetu hajambo, bado anakataa kukamuliwa na mtu mwingine zaidi yangu. Kuku hawajambo, isipokuwa mmoja ambaye juzi alikuwa mboga. Na Frora, binti yangu wa kwanza, muuguzi wa hospitali kule Musoma, najua hajambo kwa sababu Jumatano alipiga simu.

Mimi mwenyewe mwili haujambo. Moyo ndio sijui niseme nini.

Simu yenyewe ilikuwa ya habari za ofisini. Kadi ya ubatizo ya binti yangu imeandikwa Flora. Vyeti vyake vyote vya shule na vya uuguzi vimeandikwa Frora. Sasa ofisini wamemwambia alete kiapo cha mahakama, mzazi aape kwamba hao wawili ni mtu mmoja na aeleze kosa lilitokea wapi. Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Karatasi ameshaiandaa, akanisomea: kwamba kosa lilifanywa na mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza. Mimi kazi yangu ni kwenda Musoma na kusaini tu.

Nikaitikia. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kucheka, "Mama, huwezi kuamini. Mwalimu Mafuru mwenyewe yuko wodini kwangu, kavunjika mguu. Nimemwambia wazi, Mwalimu, wewe ndiye uliyeniharibia jina, watu wamenicheka mpaka chuoni."

Nikauliza akajibu nini.

"Aliniangalia. Akasema, nisamehe, binti yangu."

Mwalimu Mafuru hakukosea. Niliandika mimi.

Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa mdomo, na hata hapa kidole kimekaa juu ya kitufe muda mrefu kabla sijakibonyeza. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Miaka ile ya ujamaa tulihamia kijiji kipya karibu na Murangi, nyumba zikiwa kwenye mistari na shamba la pamba likiwa la wote. Asubuhi Mwalimu Mafuru alifundisha watoto, alasiri alitufundisha kina mama kisomo ndani ya godauni la pamba. Tulikaa juu ya magunia. Nilikuwaga nakwenda na Frora mgongoni, baadaye nikimshika mkono. Mzee wangu, aliyekuwa amesoma mpaka darasa la nne, alisema tunakwenda kupiga soga. Lakini mimi nilijua kuandika ndani ya msimu mmoja, na nilipoandika jina langu kwenye vumbi la mlango wake alilifuta tu kwa mguu taratibu.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, Mwalimu alikuwa na meza nje na daftari kubwa. Wazazi walitaja majina, yeye akaandika. Nilipofika mimi akageuza daftari, akanipa kalamu. Akasema, "Wewe mama unajua. Andika mwenyewe."

Watu wote nyuma yangu wakasogea kuona.

Niliandika kama ninavyotamka. Frora. Nilibonyeza kalamu mpaka ukurasa wa pili ukapata alama. Mwalimu akalitazama jina, akanitazama mimi, akatazama na ule mstari wa watu. Akasema, "Umeandika vizuri sana, mama." Nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Alikuwa ameliona kosa. Mwalimu gani asingeliona? Alishindwa kunisahihisha mbele ya watu, basi.

Miezi ilipita, Mzee akaweka karatasi ya shule na kadi ya ubatizo pamoja. Akauliza, "Nani kaandika hivi?" Nikaona kisomo changu kinafungwa hapo hapo. Nikasema mwalimu. Neno moja tu. Nilifikiri nitalirekebisha kesho yake.

Kesho yake imekuwa miaka yote hii. Kila Frora aliporudi na machozi, kila alipomlaumu mwalimu, mimi nilikuwa naosha vyombo, napepeta mtama, natafuta kitu cha kushughulisha mikono.

Alhamisi nilijaribu kumwambia kwa simu. Nikauliza mvua, akajibu. Nikauliza dagaa wanapatikana huko, akajibu. Nikauliza mguu wa Mwalimu, akasema unaendelea. Nikamwambia basi, usiku mwema. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Sasa nije kwenye kompyuta, maana ndiyo iliyonisaidia pale mdomo uliponishinda.

Tabitha anafundisha kompyuta sekondari, na likizo hii anatayarisha masomo ya kidato cha kwanza: lugha nyepesi ya wanaoanza, ya kuiambia mashine iandike maneno kwenye kioo chake. Jumatatu iliyopita aliniambia, "Mama, hebu nikujaribie wewe. Ukielewa wewe, wataelewa wote." Sikukasirika. Nilikaa.

Amri ya kwanza ni Write. Unaiandika, halafu neno unalotaka lionekane unalifungia ndani ya alama za kunukuu. Nikaandika Wlite. Mashine ikagoma, ikaweka maneno mekundu chini.

"Mama, hapo ni r," akasema Tabitha.

"Si ndiyo niliyoweka?"

"Umeweka l."

"Sasa tofauti yao iko wapi?"

Tulicheka mpaka Mzee akauliza kutoka nje kama kompyuta imeharibika. Lugha yetu ya nyumbani haikutufundishaga kuzitenganisha hizo mbili, na ulimi ukishazeeka haurudi shule. Nilirekebisha, na ndani ya alama nikaweka neno la kwanza lililonijia, FRORA. Mashine ikaliandika pale juu, kubwa, jeupe, bila kuuliza.

Nikamuuliza Tabitha mbona hapa haikugoma. Akasema kwenye amri mashine ni kali, ila ndani ya zile alama haina habari. "Ukiweka ukweli itaonyesha, ukiweka uongo itaonyesha vilevile. Hilo ni lako wewe unayeandika."

Siku ile nilicheka tu. Baada ya simu ya Jumatano sikucheka tena.

Ijumaa asubuhi, ng'ombe ameshakamuliwa, nikamuuliza Tabitha kama mashine inaweza kurudi kwenye herufi iliyokwisha kuandikwa. Akanionyesha kile kijistari kinachowaka na kuzima, kinachokaa mahali ambapo herufi inayofuata itaangukia. Kitabu chake kinakiita kasa. Kasa ana amri zake: moja ya kumwambia akae hatua ngapi kutoka kushoto, nyingine hatua ngapi kutoka juu. Ukimpeleka juu ya herufi ya zamani ukaandika mpya, ya zamani inaondoka.

Hilo nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Kwenye shamba la ujamaa bwana shamba alitupandisha pamba kwa kamba yenye mafundo. Ukitaka kurudia shimo lililokufa, unataja mstari na unataja fundo. Nikamwambia Tabitha, kumbe hiki kioo ni shamba. Akaniambia atalitumia hilo darasani.

Kuelewa ni kitu kimoja, mikono ni kitu kingine. Mara ya kwanza L yangu iliangukia chini ya jina, peke yake, kama mtoto aliyefungiwa nje. Kumbe nilikuwa nimetumia ile amri nyingine, WriteLine, ambayo ikimaliza neno inashuka mstari wa pili. Nikampandisha kasa juu. Mara ya pili nikahesabu: F moja, R mbili. Nikampeleka kwenye mbili. Jina likatoka FRLRA.

Tabitha akashika mbavu. "Mama! Huyo ni nani tena?"

"Mdogo wake," nikasema.

Kumbe kasa anahesabu hatua, hahesabu herufi. F imekaa ukingoni kabisa, hatua sifuri. R iko hatua moja. Nikaandika moja.

Ikakubali. Jina linatokea FRORA, linakaa kiasi cha mtu kuitikia salamu, halafu ile herufi ya pili inabadilika peke yake, mbele ya macho yako, na jina linakuwa FLORA. Niliirudia mara nyingi. Tabitha alisubiri, halafu akaniuliza, kwa upole wake ule, "Mama, lakini kwa nini tusiandike Flora tangu mwanzo? Ni mstari mmoja tu, unamaliza."

Nikamwambia hapana. Kwanza ionekane nilivyoandika mimi.

Akanitazama. Basi nikamweleza yote, ya meza, ya kalamu, ya neno moja nililomwambia baba mkwe wake. Hakunihukumu. Alisogeza kiti, tukaangalia lile jina likibadilika mara moja zaidi.

Mzee nilimwambia wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimesimama na bakuli la samaki. Aliacha kutafuna. Akasema, "Mama Frora! Yaani nimemnunia mwalimu wa watu bure miaka yote? Hata kwenye mikutano ya kijiji nilikuwa nakaa mbali naye." Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba lile jina langu la kwenye vumbi asingelifuta siku hizi. Akaomba aongezewe mchuzi. Nikamwongezea, na kipande cha kichwa ambacho nilikuwa nimejiwekea mimi.

Frora mwanangu, najua huwa unasoma hapa Jumamosi ukitoka zamu. Tabitha ameiweka ile programu hapa chini. Ifungue, usiharakishe kuifunga, subiri ibadilike. Ni mimi niliyeitengeneza, kila mstari, na ni mimi niliyeandika jina lako kwenye daftari lile. Ulikuwa umeshika gauni langu. Sikuwa nimewahi kuandika jina la mtu mwingine mbele za watu, na nilianza na lako.

Uongo ndio ninaouomba radhi. Kuandika, naogopa kusema, ila ukweli ni kwamba hata leo nikiikumbuka ile siku nafurahi.

Jumatatu nitakuja. Nitafika na basi la kwanza. Lakini ile karatasi sitaisaini kama ilivyo, hata hakimu akinikasirikia. Naomba uifute sehemu ya mwalimu na uandike kwamba kosa ni la mama yake mzazi, aliyekuwa mwanafunzi wa kisomo. Jina la kubaki chagua wewe, ni lako, umelibeba wewe. Ukichagua Flora nitaliandika Flora kila mahali, nimeshafanya mazoezi. Kwa mdomo unisamehe, nikikuita kutoka uani utasikia lile lile la siku zote.

Sijui sasa hivi unasoma umekunja uso au unacheka. Hilo ndilo linalonitesa, kuliko hakimu. Ungekuwa hapa ningeangalia mabega yako tu ningejua.

Kwa hiyo nakuomba unijibu upesi, hata neno moja, leo kabla giza halijaingia, nijue Jumatatu nakuja kwa binti yangu au nakuja kwa mtu aliyenikasirikia. Kwa vyovyote nitakuja.

Ila kabla hujanijibu mimi, inuka kwanza hapo ulipo. Nenda wodini, kitandani kwa Mwalimu Mafuru, umwamkie shikamoo vizuri, umwambie mama yangu amesema ukweli. Mimi nitasubiri.