Usiizime Sampla

Wewe! Uko wapi? Njoo na disketi ya kuhifadhia sauti, zangu zote zimegoma!

Ile kaseti ya marehemu baba imetafunwa na redio. Sauti yake imebaki kwenye sampla tu, ile mashine yangu ya kunasia sauti za muziki, nimeshaikatakata, kila neno na kitufe chake. Na unalijua lile dude, ukilizima tu kila kitu kinafutika!

Sasa mama kaja na pasi. "Toka hapo kwenye soketi." Hajui kitu! Kaseti nilimwibia kabatini.

Kashika plagi ya sampla. KASHIKA PLAGI!

Nikabonyeza kitufe. Baba akaita, "Mama watoto!"

Pasi ikamponyoka. Kakaa sakafuni, anasema, "Rudia." Nikirudia, anasema tena, "Rudia."

Na umeme umeanza kuchezacheza. Uko wapi?