Slaidi ya Sosiot

Bomet Mjini

Kwa mdogo wangu mpendwa Maxine,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na majani chai. Natumaini wewe, Baba na Mama hamjambo, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hushiki tena, na haya mambo yanataka mtu aketi ayasome mpaka mwisho.

Najua una uchungu. Wazee wa kina mchumba wako Kipyegon walikuwa waje nyumbani kujitambulisha, ukashonesha hadi nguo, halafu Baba akasema wasije na hakukueleza sababu. Nitakueleza mimi, lakini lazima nianzie ofisini.

Unajua ofisi yetu ndiyo hutengeneza slaidi zinazoonyeshwa ukutani kwenye mikutano ya wakulima wa chai. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na wakala wa AI, yaani programu unayoituma kama tarishi nayo ikaimaliza kazi yenyewe. Bosi wetu, Madam Rebeccah, aliniambia nimwandikie huyo wakala maelezo ya kutumia kifaa cha kunakili slaidi. Nilimshuku Madam papo hapo. Nilijiuliza ni mtu gani mwenye akili anafundisha mashine kazi inayomlisha. Nikaandika shingo upande: kwamba unataja namba ya slaidi, kifaa kinatoa nakala yake, na nakala inakaa mara tu baada ya ile ya kwanza. Nikaishia hapo, nikarudisha.

Baadaye wakala akapewa kazi ya slaidi za siku za kuchukua mbolea, kila kituo na yake. Siku ya Sosiot ikaandikwa kwenye slaidi ya Konoin, na slaidi ya Sosiot ikapata siku ya baadaye ya kituo kingine. Watu wa Sosiot walifika na punda wao wakakuta watu wa Konoin walishatangulia, na stoo imebaki magunia matupu. Siku hiyo tulitukanwa mpaka mlinzi akafunga geti.

Sasa, kwao Kipyegon ni wapi? Ni Konoin. Na meza yake ofisini iko karibu na yangu. Nilikuwa nimeona jinsi anavyogeuza kompyuta nikipita, na jinsi anavyoongea na simu kwa Kipsigis, lugha ya kwao, kisha anashusha sauti nikikaribia. Unanijua, mimi huwa sichezewi. Nikajumlisha yangu, nikamwendea Madam Rebeccah, nikamwambia amwangalie vizuri huyo kijana. Alimtoa kwenye kompyuta, akampeleka stoo kubeba magunia. Mimi nikakunywa chai yangu kwa raha.

Juzi Madam akaniomba niwaonyeshe wafanyakazi wapya jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Nikafuata maelezo yangu mwenyewe neno kwa neno. Nilinakili slaidi ya tatu, kisha ya saba, na ile ya saba haikuwa niliyoitaka. Nakala ya kwanza ilipoingia, zote zilizofuata zilikuwa zimesogea namba moja mbele. Ya saba ilikuwa imekuwa ya nane, na maelezo yangu hayakumwambia mtu yeyote, wala wakala, ahesabu upya. Ndivyo tarehe ya kituo kimoja ilivyoandikwa kwenye slaidi ya kingine. Hakuna mkono wa mtu ulioibadilisha. Niliwaachia wale wapya kompyuta, nikatoka.

Nilishuka stoo nikamkuta Kipyegon na vumbi la mbolea hadi kwenye nyusi. Nilipomweleza, alisema alijua tangu wiki ile ile, kwa sababu alikijaribu kifaa mwenyewe akaona. Nikamshuku tena, Maxine, hata hapo. Nikamuuliza amenyamaza ili anidai nini. Akanijibu taratibu kwamba anakuja kuomba msichana nyumbani kwetu, na hawezi kuanza kwa kumwaibisha dada yake mkubwa mbele ya watu. Zile simu alikuwa akiulizana na mama yake wamletee Baba nini.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Aliyempigia Baba ni mimi. Nilimwambia kijana huyo ni mwizi, anawapendelea watu wake, na nyumba yetu ataifanyia vivyo hivyo. Baba hakuuliza mara mbili, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na hajawahi kunishika na uongo. Wewe ulilia chumbani kwako, na mimi nikakutumia ujumbe wa pole. Naona aibu hadi kuandika.

Madam Rebeccah nimemwambia yote, na sentensi iliyokosekana, ya kuhesabu upya baada ya kila nakala, nimeiandika. Kipyegon amerudi kwenye meza yake. Baba sijamwambia. Nakuja Jumamosi nimwambie uso kwa uso, na nitamwomba yeye mwenyewe awaite wale wazee. Akikataa, sitarudi Bomet mpaka akubali.

Msalimie Mama, umwambie asinichinjie chochote. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Nilimwomba Kipyegon anisamehe. Alisema yeye alipoteza meza tu, nikuombe wewe msamaha kwanza.

Ni mimi dada yako,
Dolphine