Injini Iliondoka kwa Mdomo Wangu

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Naandika hapa hadharani kila mtu wa Mafia asome, kwa sababu hadharani ndiko walikokuita mwizi. Aliyewaambia wale watu kwamba chombo kitakuwa kitupu ni mimi. Haya, nimesema. Usizime simu, soma mpaka chini.

Unaikumbuka yoti ya Mzee Pita na mkewe? Wewe mlinzi, mimi mpishi, Kiingereza changu chote cha kuokoteza YouTube. Mzee alikuwa anaogopa kila kitu kinachoelea. Alisoma mtandaoni kwamba ukiwa nchi za watu, chombo usichokijua kikikusogelea basi ni maharamia. Wewe ukawa unamwambia, "Mzee, mwizi hapigi hodi."

Sasa siku ile kisiwani Shungimbili. Jua kali, tumetia nanga, boti moja inatujia moja kwa moja, wanaume wanne. Mzee kapandisha ngazi, kamsukuma mkewe ndani, katoa ile bastola ya fataki za kuombea msaada. Ukasimama mbele yake: "Shusha, mzee! Wamezima mashine. Wanaonyesha dumu."

Kweli, mmoja kanyanyua dumu juu, limepasuka ubavuni. Wavuvi wa dago, wamepiga kambi pale mchangani. "Assalaam alaykum! Hodi chomboni! Maji tu, jamani, hatuna hata tone."

"Waalaykum salaam," ukawajibu. "Karibuni, ila hapohapo mlipo. Mzungu wetu ana kiwewe."

"Mwambie tumeshakula, hatumli!"

Ukashuka chini kuwajazia maji kwenye dumu letu la buluu. Dakika tano tu. Mimi nikabaki juu na wageni.

Si unajua kwetu mtu akikusalimia humkati? Anauliza habari za nyumbani, unatoa. Za safari, unatoa. Mnatoka wapi, mnalala wapi, unatoa, maana ukibana utaambiwa una kiburi. Yule mwenye kofia nyekundu akaniuliza, "Dada, na Ijumaa mnaswali wapi nyie watu wa majini?" Swali zuri kabisa, la dini! Nikamwaga yote. Ijumaa tutakuwa Chole, kaka anakwenda msikitini, mimi nakwenda kwa mama, mzee na mkewe wanakwenda kupiga mbizi na watu wa hoteli.

"Na chombo mnamwachia nani?"

"Mwenyezi Mungu," nikamjibu. Nikacheka, nikajiona mjanja.

Ijumaa uliporudi kutoka msikitini kwa mtumbwi wa kuomba, kamba ya nyuma ya chombo imekatwa. Dingi, kile kiboti chetu cha kwenda pwani, hamna, na injini yake hamna. Kesho yake dingi likaonekana kwenye mikoko, injini imeng'olewa, ndani kuna dumu la buluu. Mzee akalinyooshea kidole: "Uliwapa wewe. Ulisema ni watu wema. Mko pamoja."

Ukanitazama. Hukunituhumu, ulikuwa unangoja tu nikutetee, niseme ulikuwa chini unajaza maji. Nikaangalia kucha zangu. Niliogopa nikifungua mdomo yatatoka yote.

Na wavuvi wengine wa dago ndio waliozunguka na wewe siku mbili kuitafuta ile injini! Wa kijijini kwetu ndio waliosema, "Fisi kakabidhiwa bucha." Ukafunga begi.

Leo uko Comoro kwenye yoti ya watu wengine, na sauti zako za WhatsApp nimezikariri. "Huku nikiulizwa tuko wangapi, nasema wengine wamelala. Injini naipandisha juu kila jioni, naipiga mnyororo. Mtu akiuliza tunashuka lini, namuuliza yeye kwanza anashuka lini." Nacheka, halafu inakuja ile ya mwisho, umeshusha sauti: "Mpaka leo sijui nani aliwaambia." Niliisikiliza nikiwa jikoni. Wali wote uliungua.

Sasa nasikia yoti yenu inapita Mafia mwezi ujao, na umemwomba nahodha akushushe njiani kabla ya kufika. Hapo ndipo niliposhindwa, kaka. Umkose mama kwa sababu ya domo langu?

Jana nimemwambia mama. Hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Na yeye unamwambia lini?" Mzee Pita nimemwandikia pia, Kiingereza chote nimekimaliza. Amesoma, hajajibu. Nahangaika na simu kama kuku anayetaka kutaga.

Ulivyofanya wewe siku ile ndivyo inavyotakiwa: mgeni unampa maji, unampa salamu, unamweka mbali kidogo. Ratiba ya chombo sikutakiwa kuitoa, hata angeniuliza kwa jina la msikiti.

Saa kumi boti za samaki zinaingia, pwani inajaa. Nakwenda kusimama pale mbele ya wote niliseme hili kwa sauti, halafu wanifanye watakavyo. Wewe njoo tu, usishuke njiani. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako,
uliyemtazama akanyamaza